Vyumba Saba vya Luteni Patroba

Katika boma la marehemu Makokha pale Musanda kulikuwa na mwanamume wa miaka thelathini na mitatu aliyelala jikoni. Si jikoni kwa mkewe, maana mke hakuwa naye bado, bali jikoni kwa nyanya yake, kati ya mafiga na kuku watatu wenye kutaga, juu ya kitanda cha kamba ambacho kila asubuhi kilisimamishwa ukutani ili chai ipate nafasi ya kuchemka. Huyu aliitwa Griffin. Aliendesha trekta la kubeba miwa, alikuwa na meno yake yote, na shida yake ilikuwa moja tu: kaka yake mkubwa, Patroba, hakuwa amejenga.

Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hilo kila mtu Musanda analijua, hata mtoto wa chekechea. Na Patroba asingeweza kujenga kwa sababu alikuwa chini ya bahari.

Alizama mwaka elfu mbili na kumi na mbili, wakati wa vita vya Somalia, akiwa luteni katika jeshi la majini, umri miaka ishirini na sita. Maafisa wawili walikuja na gari la kijani, gari likakwama kwenye matope ya barabara ya miwa, likasukumwa na wakata miwa kumi na mmoja, na ndipo maafisa wakafika kwa Zipporah wakiwa na matope hadi magotini na barua ambayo haikupata hata tone. Barua ilisema luteni alipotea baharini akiwa kazini na mwili haukupatikana. Zipporah, nyanya aliyemlea tangu akiwa na miezi tisa, aliwapa chai, akawauliza kama wana soksi nyingine, na baada ya hapo hakulia mbele ya mtu yeyote.

Sasa ilikuwa miaka kumi na mitatu.

"Kukhu," Griffin alimwambia nyanya yake asubuhi moja, akiwa bado na alama za kamba mgongoni, "watu wa kwa kina Christine wamesema Desemba haipiti."

"Desemba ya mwaka gani?"

"Kukhu, usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Nimeona Desemba sabini na nane. Sijui wanataka gani."

"Hii inakuja. Wanataka kuona binti yao ataingia nyumba gani. Sasa, si tumzike Patroba mgomba vile Kuka Isaiah anasemanga, tumalize?"

Zipporah alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha kuchambua. Ni kweli kwamba kwao mtu ambaye mwili wake haukuonekana hukatiwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likaombewa na kuzikwa kama mtu. Wengi wamezikwa hivyo na wametulia. Tatizo halikuwa mgomba.

"Tutamzika wapi?" aliuliza.

Mwanamume aliyekufa bila nyumba hana mbele ya nyumba pa kuzikwa. Huyo hutolewa kwa upenyo wa nyuma na kulazwa nje ya ua, karibu na mahali watu wanapomwaga majivu.

"Unaona?" Zipporah akasema. "Mtoto niliyemlea kwa hii mikono, aliyekuwa anapigiwa saluti na watu wazima, nimweke nje ya ua kama mwizi wa kuku? Hapana. Kwanza ajenge."

"Sasa marehemu atajenga aje?"

"Hiyo mwulize kuka yako. Si yeye ndiye mwenye mila?"

Mzee Isaiah, mdogo wa marehemu mume wa Zipporah na kuka, yaani babu, wa Griffin, ndiye aliyebaki peke yake katika ukoo akiwa anakumbuka mambo. Mila zake zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na nyama ndani yake. Alipoitwa alikuja siku hiyo hiyo, akanywa vikombe viwili bila kusema, na katikati ya kikombe cha tatu mila ikamjia.

"Iko njia," alisema. "Katika nyumba ya Makokha, mwenye nyumba ndiye anashika nguzo ya katikati. Anaishika tangu shimo likijazwa mpaka bati la mwisho lipigiliwe, na wazee wanamwuliza maswali, na anajibu ukweli."

"Hiyo tunajua," Zipporah akasema. "Majirani wote hutucheka kwa hiyo."

"Ngoja nimalize, shemeji. Mwenyewe akiwa hawezi, anashika mtu aliyekula naye sahani moja. Siku hiyo mtu huyo si yeye tena. Yeye ni mwenye nyumba. Ukimwita kwa jina lake hataitika. Lakini," na hapa akainua kijiko, "akisema uongo hata mmoja, nguzo inang'olewa, na hakuna mtu anajenga katika boma hili mpaka mwaka upinduke."

Griffin aliposikia habari ya mwaka kupinduka aliwaza Desemba, akasimama. "Nitashika mimi. Nilikula naye sahani moja."

"Wewe ulikuwa unamwibia," Zipporah akasema. "Kula naye ni kitu kingine. Tena wewe ni mdogo."

Wakatafuta wengine. Tyson, aliyesoma na Patroba, yuko Qatar analinda duka la viatu. Mwingine ameokoka katika kanisa linalokataza nguzo. Wa tatu yuko, lakini hakuna siku anaweza kusimama tangu asubuhi mpaka jioni bila kuegemea kitu. Ndipo Zipporah akamkumbuka Oduor. Huyu alikuwa luteni pamoja na Patroba, meli moja, chumba kimoja, na kila Krismasi alimpigia nyanya simu kumwuliza kama mguu wake bado unauma. Sasa ameacha jeshi na anafuga samaki huko Ahero. Hajaachana na maji, ila ameyapunguza mpaka magotini.

"Mjaluo?" Isaiah akasema. "Ashike nguzo ya Makokha?"

"Mama yako wewe alizaliwa wapi?"

Isaiah akakohoa. Mama yake alizaliwa Ugenya, kwa Wajaluo, na watu wa huko walikuja kwenye matanga yake na ngoma zao. "Mama ni mambo mengine," alisema.

"Basi huyu ni mjomba wako. Akija umpishe kiti."

Oduor alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, mrefu, mweusi, na kikapu cha ngege waliokuwa bado wanachezesha mikia. "Mulembe, Kukhu," alisema, akainama sana, kwa sababu Zipporah alikuwa mfupi na pia kwa sababu ya machozi. Zipporah alipokea samaki, akawahesabu, akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Alipewa uji, viazi vitamu, na baada ya hivyo akapewa chai, ndipo akaruhusiwa kuona kazi.

Fundi Swaibu kutoka Mayoni alikuwa ameshapima. Alikuwa mtu wa maneno machache, penseli sikioni, na kofia yake ya ibada ilikuwa safi kuliko kitu chochote pale uwanjani. Alikuwa amechimba mashimo ya pembeni na la katikati, futi kumi kwa futi kumi na mbili, nyumba ya kijana mmoja kama zilivyo zote: kitanda, kiti na mahali pa kutundika suruali. Miti ya mkaratusi ilikuwa imelala chini. Mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye ua.

"Saa tisa mvua inakuja," Swaibu alisema. "Mimi nitakuwa nimeshuka kutoka juu saa nane na nusu. Maswali yenu muulize mkijua hivyo."

Wazee walikuwa Isaiah na wengine wawili waliokuja kwa harufu. Wanawake walikuwa jikoni wakichinja ingokho, yaani kuku, wa pili. Griffin alikuwa amesimama karibu na mabati akiyalinda yasibadilishe nia. Oduor akavua viatu, akaikumbatia nguzo ya katikati, wakaiteremsha kwenye shimo, na Swaibu akaanza kushindilia udongo kwa mchi.

"Wewe ni nani?" Isaiah akauliza, kwa sauti ambayo watu wa barabarani pia waliisikia.

"Mimi ni Patroba," Oduor akasema.

Zipporah alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo wanawake wanaruhusiwa kusikia bila kusemwa kwamba wanasikiliza. Jina lilipotamkwa aliangalia miguu ya Oduor. Ilikuwa mikubwa mno. Patroba alivaa namba nane.

"Mbona umechelewa kujenga?"

"Kazi ya serikali, Kuka."

Wazee wakacheka. Jibu lilikuwa zuri.

"Ulienda jeshi gani?"

"La majini."

"Mtu wa Musanda, ambaye nyanya yake alimchapa kila akinusa mto Nzoia, aliingiaje jeshi la majini?"

"Niliomba la nchi kavu. Walinipeleka la majini."

"Kuogelea ulijua?"

Oduor akatazama juu kidogo. "Nilikuwa naogelea kama ng'ombe anayevuka, Kuka. Nafika, lakini watu wa pembeni wanaumia."

Hapa hata Swaibu aliacha kushindilia. Zipporah alicheka na kujifunika mdomo kwa kanga, kwa maana hivyo ndivyo Patroba angesema, neno kwa neno, na tena angesema akiwa amekunja uso kama hakimu.

Isaiah, ambaye hakupenda watu wengine wachekeshe kwenye shughuli yake, akarudisha ukali. "Sasa sikiliza. Hili ni swali la nyumba. Kabla ya leo, ulishawahi kujenga mahali popote?"

"Ndiyo," Oduor akasema.

"Wapi?"

"Hapa nyumbani Musanda. Nyumba ya vyumba saba, na baraza mbele."

Kuku aliyekuwa jikoni akasikika akilalamika. Griffin akakamata bati kwa mikono miwili.

"Vyumba ngapi?" Isaiah akauliza polepole.

Sasa Oduor alikuwa ametazama huku na huku. Aliona nyumba ya Zipporah ya vyumba vitatu, choo, zizi, na miwa. Akaona kwamba hakuna mahali popote nyumba nyingine ingeweza kujificha. "Saba," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Alituambia hivyo. Meli nzima inajua hiyo nyumba."

"Uongo," mzee mmoja akasema, akasimama na kujipangusa matako.

"Uongo," Isaiah akakubali kwa huzuni, huku jicho moja likiwa jikoni, kwa sababu hakuwa na hakika mila inasema nini kuhusu kuku ambaye ameshachinjwa. "Nguzo itoke. Ni mwaka ujao."

"Kuka!" Griffin akalia. "Kuka, Desemba!"

"Si mimi, mjukuu wangu. Ni mila."

Swaibu alikuwa ameshashika nguzo kwa mkono mmoja, akingoja kuambiwa ni kujenga au kubomoa, kwake ni kazi tu. Ndipo Zipporah akainuka. Hakuwa mtu wa haraka. Aliweka mkono kwenye goti, halafu kwenye mlango, halafu hewani, na alipofika katikati ya uwanja kila mtu alikuwa ameshapata muda wa kujiuliza atasema nini.

"Hiyo nguzo msiiguse," alisema. "Patroba."

Oduor akageuka. "Naam, Kukhu."

"Vyumba saba ulikuwa unawaambia lini? Ulikuwa umelewa?"

"Hapana, Kukhu. Ni wakati wa mawimbi. Miezi ile meli ilikuwa inacheza usiku na mchana, na sisi wote tulikuwa tumelala chini tunatapika, na tunaogopa pia, maana ni vita. Mimi nilikuwa natapika kuliko wote. Nilikuwa na ndoo yangu, imeandikwa jina. Sasa nikipumzika kidogo nilikuwa nawatembeza kwa nyumba yangu. Nawaambia, haya, vueni viatu, tumeingia. Chumba cha kwanza. Nawaonyesha kila kitu mpaka mtu analala."

"Chumba cha kwanza ni cha nini?"

"Shemeji," Isaiah akasema, "wanawake hawaulizi kwenye nguzo."

"Siulizi nguzo. Nauliza mtoto wangu. Cha kwanza?"

"Cha wageni. Kiko na viti kumi na viwili na vitambaa vya kufuma."

"Cha pili?"

"Chako, Kukhu. Kiko upande wa jua la asubuhi, kwa sababu ya mguu."

Zipporah akatikisa kichwa, kwamba ndiyo, hapo ndipo kingefaa. "Cha tatu."

Cha tatu kilikuwa chake Patroba na mke wake, ambaye alikuwa bado hajajulikana ila ana mwanya. Cha nne kilikuwa cha Griffin, ili aache kulala jikoni. Cha tano kilikuwa cha mahindi. Cha sita kilikuwa cha kuoga, na maji yalitoka ukutani. Oduor alivitaja vyote bila kukwama, kama mtu anayesoma, na Zipporah aliuliza kila kimoja madirisha yako mangapi na mlango unafungukia wapi. Wazee waliokuwa wamesimama wakaketi tena.

"Cha saba?"

"Cha saba hakikuwa na kitu, Kukhu. Ilikuwa ni cha kusimama tu. Mtu akitaka kusimama mahali ambapo hapatingishiki, anaenda huko."

Zipporah alitazama kamba za Swaibu zilizovutwa chini, futi kumi kwa kumi na mbili.

"Mulamwa," alimwambia Isaiah, akitumia neno la kwao la kumwita shemeji, ambalo hakulitumia isipokuwa amekasirika au anataka kitu. "Uongo ni nini?"

"Ni kusema kitu ambacho hakiko."

"Na kikiwako jioni?"

Mila haikuwa imewahi kuulizwa hivyo.

"Fundi," Zipporah akasema, "weka vyumba saba."

Swaibu akatoa penseli sikioni. "Mama, hapa?"

"Hapo hapo."

"Mama, hapa nikiweka vyumba saba, mtu akiingia na mawazo mengi hatageuka."

"Sikusema vya kucheza mpira. Nimesema saba. Na baraza."

Isaiah aliona kwamba maswali yamemzidi, na pia akanusa kwamba vitunguu vimeshaanza kukaangwa. Alitangaza kwamba wazee wameangalia na wameona: kama vyumba vitatimia saba kabla ya bati la mwisho, mwenye nyumba hakusema uongo, alitangulia tu. Lakini kama mvua itanyesha bati likiwa bado, basi nguzo itatoka.

Ilikuwa saa tano kasoro. Tangu hapo hakuna mtu aliyekaa. Griffin alikata fito mpaka mkono ukavimba. Christine, aliyekuwa ameitwa aje atazame mahali atakapoolewa, alijikuta anashika upande mmoja wa kamba ya kupimia na kusema "shusha kidogo" kwa watu waliomzidi umri. Swaibu alipanda juu, akapigilia, akashuka, akafunga ukuta wa fito, akapanda tena, na hakusema neno isipokuwa mara moja, alipohesabu na kupata vyumba sita, akahesabu tena akakuta cha saba amesimama ndani yake.

Muda wote huo Oduor alikuwa ameshika nguzo. Vyumba vilijengwa kumzunguka. Aliomba kwenda haja ndogo, na Isaiah akamwambia mwenye nyumba haachi nyumba yake kabla haijapata bati. Oduor akasema sawa, amewahi kulinda zamu ndefu kuliko hii tena sakafu ikiwa imeinama.

Zipporah alimletea chai. Alipita kwenye chumba cha wageni, ambacho kiliwatosha wageni wawili wasiopumua sana, akafika kwenye nguzo, akageuza ndoo ya maziwa na kuikalia. Juu yao nyundo ilikuwa inalia. Watu wengine walikuwa nje wakigombania misumari. Alimwekea kikombe mdomoni kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, na Oduor akanywa kama mtoto.

"Nataka kukuuliza kitu," Zipporah alisema. "Si swali la wazee."

"Uliza, Kukhu."

"Siku hiyo ulikuwa umekula?"

Nyundo ilinyamaza kidogo, ikaendelea. Miaka kumi na mitatu alikuwa amewasikia watu wakisema mambo ya bahari. Mmoja alisema Patroba alipigana na watu ishirini kwa upanga. Mwingine alisema ni nyangumi. Zipporah hakuwa amebishana na yeyote. Kila alipopakua chakula alikuwa anajiuliza jambo moja tu, na hakujua nani wa kumwuliza, kwa sababu si jambo unaloweza kuwaandikia wakubwa wa jeshi.

"Nilikula," Oduor akasema. "Hiyo ndiyo siku moja, Kukhu, siku moja pekee, ambayo sikutapika. Niliamka nikiwa na njaa. Wengine wote walikuwa wamelala chini kama samaki, huyu Oduor ndiye alikuwa mbaya zaidi, na mimi nikaenda jikoni nikala ugali na maharagwe. Sahani mbili. Nikarudi nikiwacheka. Niliwaambia, leo mimi ndiye baharia, nyinyi ni abiria. Basi kamba ya mashua ndogo ikanasa, na mtu wa kwenda kuinasua alikuwa lazima awe mtu anayeweza kusimama."

"Na ni wewe peke yako uliyekuwa umesimama."

"Ni mimi peke yangu."

"Sahani mbili."

"Mbili, Kukhu. Zimejaa. Mpishi alikuwa anatoka Malava, alipakua kama kwao."

Zipporah alichukua kikombe, akaangalia kama kimebaki kitu, akammalizia Oduor tone la mwisho. "Maharagwe yalikuwa na mafuta?"

"Yalikuwa na mafuta."

"Basi," alisema, akainuka, mkono gotini, mkono ukutani. Alipotoka nje alimkuta Isaiah na kumwambia waanze kupakua, mtu asipitwe.

Bati la mwisho lilipigiliwa saa tisa kasoro dakika kumi, na tone la kwanza liligonga bati hilo Swaibu akiwa bado juu yake. Alisema alhamdulillahi, akashuka kwa njia ya haraka kuliko aliyopandia. Watu wote wakakimbilia ndani. Hapo ndipo ulipoonekana ubora wa vyumba saba, maana kila mtu alipata chake. Mzee wa pili aliingia cha mahindi. Christine na Griffin wakajikuta katika cha nne, uso kwa uso, na hawakulalamika. Isaiah aliingia cha kuoga akiwa ameshika sahani ya paja la ingokho, akageuka vibaya, na fito zikamkamata kiunoni. Hakuweza kwenda mbele wala nyuma, lakini mkono wenye sahani ulikuwa huru, kwa hiyo akasema tu wasiwe na haraka.

Wazee walihesabu kutoka pale walipokuwa, wakiitana kupitia fito. Moja. Mbili. Tatu. Saba ilijibiwa na mtoto wa jirani aliyeingia huko kusimama. Isaiah akatangaza kutoka bafuni kwamba Patroba ni mtu wa ukweli na ana nyumba.

Oduor aliachia nguzo. Mikono yake ilikataa kunyooka, ikabaki imeviringana mbele yake kana kwamba bado imekumbatia kitu.

"Sasa," Isaiah akaita, "mwenye boma amwite kwa jina lake la kwao ili arudi kuwa yeye. Hiyo ni kazi ya shemeji. Bila hivyo hawezi kwenda."

Zipporah alikuwa ameketi barazani, yaani kwenye ukingo wa mlango uliokuwa na mbao mbili na bati moja. Alisikia.

"Patroba," alisema, "sogeza hicho kiti, mvua inakifikia."

Oduor alisogeza kiti kwa viwiko.

"Patroba, umefunika kuku?"

"Nimefunika, Kukhu."

"Patroba, huo mguu wako umekanyaga msumari?"

"Hapana, Kukhu."

Griffin alitoka kwenye chumba cha nne kusema kitu kuhusu gari la mwisho la Kisumu, lakini Christine akamshika shati kwa nyuma. Wakakaa. Mvua ilipiga mabati, kisha ikapungua ikawa inadondoka tu kwenye miwa. Mara nyingine tena Zipporah aliita Patroba, na Oduor akaitika, na safari hii hakumtuma kitu. Alimtazama tu, kuanzia kichwa, polepole, hadi kwenye hiyo miguu isiyokuwa namba nane.

"Oduor," alisema.

"Naam, Kukhu."

"Mama yako ako?"

"Ako. Ananingoja."

"Basi nenda, mwanangu. Chukua huyo kuku aliyebaki umpelekee. Na usipite mahali popote."

Oduor aliinama, akabeba viatu vyake mkononi, akapita getini, na Zipporah alimsindikiza kwa macho mpaka miwa ikamfunika. Halafu alimwita Griffin.

"Kesho baada ya kanisa utakata mgomba. Wa kule chini, karibu na kisima. Atalala hapa, mbele ya mlango wake."

"Mbele ya mlango," Griffin akarudia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutaja Desemba. "Nikate urefu gani, Kukhu?"

"Urefu wake. Futi tano na inchi kumi." Akafikiri kidogo. "Na uwe mnene. Alikuwa ameshiba."